Jagi la Bi Amira

Mdoli alikuwa anatoka jasho. Matilda akamfuta kwa khanga, akawaambia wanafunzi wake waache ushamba, hilo ni joto la Kariakoo tu.

Alifundisha ukunga ghorofani, juu ya maduka ya vitenge, na ulimi wake ulikata kuliko wembe wa kitovu. Binti yake wa pekee, Celina, alikuwa mwezi wa tisa baada ya mimba tatu kuharibika, na Matilda alishaapa mjukuu huyo atampokea yeye mwenyewe.

Mdoli wa darasani hujazwa maji ili awe mzito kama kichanga. Asubuhi ile mabomba yalikuwa makavu. Matilda, Mchaga asiyebabaishwa na mashetani ya Pwani, akalichukua jagi la maji lililokaa kando ya chetezo mlangoni kwa jirani, Bi Amira, akammiminia mdoli yote.

"Mtoto akizaliwa hapumui, ana dakika moja," alisema. "Ikipita hiyo, mnachonga jeneza. Joyceline, minya."

Joyceline akambana mdoli barakoa usoni, akauminya mfuko wa hewa. Kifua kikapanda, kikashuka. Akaondoa mkono. Kikapanda.

"Madam," alinong'ona, "sijaminya."

"Kwa mikono hiyo ya kukandia chapati, utajuaje?"

Lakini harufu ya marashi ilishajaa chumba, na kelele za wamachinga huko chini zikakatika kama redio iliyozimwa, na katika ukimya ule kitu kikasikika kikivuta pumzi, taratibu, kwa raha, kama mtu aliyengoja zamu yake miaka na miaka, na kila kilipovuta, wasichana wote walihisi vifua vyao vikibana.

Bi Amira alikuwa amesimama mlangoni.

"Mwanangu, maji ya ruhani wangu umeyapeleka wapi?"

Matilda akamwonyesha mdoli kwa kidevu.

"Basi umempa mwili," kikongwe akasema polepole. "Yarudishe kwenye jagi kwa mkono wako, umwombe radhi. Usiyamwage. Ukiyamwaga atatafuta chombo kingine, na hatakitafuta mbali na wewe."

"Nipige magoti mbele ya jagi, mimi?"

Akayamwaga chooni, Bi Amira akiona.

Siku ya tatu uchungu ulimshika Celina ghafla, nyumbani Magomeni. Matilda hakuita gari. Alikuwa na mkoba wake wa darasani, wenye ule mfuko wa hewa na barakoa yake. Mtoto alitoka wa bluu, kimya. Matilda akaminya. Sekunde ya hamsini kifua kikapanda.

"Wako wapi wachawi?" akasema, akicheka, akamwinua mjukuu ampe mama yake.

Ndani ya mtoto maji yakacheza, kama dumu lisilojaa.

"Mama," alisema Celina, "mbona hapepesi macho? Na haya marashi, nani kapaka?"

Mtoto akavuta pumzi, taratibu, kwa raha. Celina akashika kifua chake, akaachama, akatafuta hewa ya chumba kizima asiipate.

Mfuko ulikuwa mkononi mwa Matilda. Akambandika binti yake barakoa, akaminya, akaminya, hewa ikavuja pembeni yote. Ilikuwa barakoa ya kichanga. Ilimfunika pua tu.

Kitandani, mjukuu alizidi kupumua.