Kikombe cha Safari cha Profesa Sienicki

"Kunguru, jibu. Kunguru!"

Gerwazy aliikanyaga redio kwa buti. Ikanyamaza.

Kapteni Dobrawa Kulesza, jasusi aliyeitwa Kunguru redioni, alikuwa amefungwa kwenye kiti ndani ya kibanda katika msitu wa Białowieża, karibu na mpaka. Bastola yake, P-64, ilikuwa kiunoni mwa Gerwazy. Madirisha yalikuwa na nondo. Mlango mmoja, majambazi wawili.

Alikuwa amenaswa, na aliogopa.

Jikoni, Profesa Ignacy Sienicki alikaanga uyoga kwa siagi. Miaka arobaini mzee huyu alichunguza uyoga na kuvu. Sasa kuvu aliyoigundua, ya kuteketeza shamba la ngano kwa wiki moja, ilikuwa ndani ya kichupa mfukoni mwa Gerwazy. Saa tisa alasiri ingevuka mpaka, mnunuzi aifanye silaha.

"Anza wewe, babu," Gerwazy alisema. "Na bibie. Mimi si mjinga."

Profesa akala. Akamlisha Dobrawa. Wakangoja nusu saa, hakuna aliyekufa. Majambazi wakafagia kikaango.

"Mtamu, lo!" Kazik, yule wa pili, alijilamba. "Haya, wamalize twende."

Gerwazy akachomoa bastola.

"Mnasafiri bila kikombe cha safari?" Profesa aliuliza. "Mama zenu waliwalea vipi?"

Gerwazy akasita. Huko hata mwizi haondoki bila kupiga glasi mlangoni. Ni kujitakia mkosi. Vodka ikaletwa. Majambazi wakanywa glasi moja. Ya pili, kwa ajili ya mguu wa pili, kama wasemavyo huko.

"Mpe na bibie," Kazik alicheka.

"Vodka nzuri hii, unampa maiti?" Profesa alifoka.

Kimoyomoyo Dobrawa akaelewa. Tangu afungwe alikuwa akikereza kamba kwa wembe aliouficha kwenye mkanda wa saa.

Dakika kumi. Shingo ya Gerwazy ikawa nyekundu. Kazik akatapika.

"Moyo wangu!" Gerwazy alipiga kelele. "Babu, umenifanya nini?"

"Uyoga huu hauna neno, ila haupatani na pombe. Shauri yenu."

Bastola ilidondoka. Kamba ilikatika. Dobrawa aliiwahi bastola.

"Chini! Wote!"

Dobrawa alipokwisha kuwafunga, Profesa alikitoa kichupa mfukoni mwa Gerwazy, akakitazama, akakitupa ndani ya jiko la moto. Alilia waziwazi.

"Maisha yangu yote hayo, mwanangu."

"Najua, Profesa. Pole."

Mzee akajifuta machozi, akammiminia glasi. "Nawe unasafiri."

Dobrawa alifunga zipu ya koti.

"Nimekula uyoga wako. Niwekee glasi hiyo mpaka Jumapili, uyoga uishe mwilini."

Akatoka, akawasha gari la majambazi, Polonez.