Ndoo ya Nyama ya Mzazi

Asubuhi Ludovika alifungua ndoo ya nyama, akaifunga tena haraka. Harufu ilimpiga usoni.

Nyama ile ilikuwa ya Erica, mke wa mwanawe Patriki, aliyejifungua wiki ile. Pale kijijini Bashay, mzazi huchinjiwa kondoo anywe mchuzi, apate nguvu na maziwa ya mtoto. Kondoo wa Erica alikuwa mmoja tu. Nusu ilikuwa imeshaliwa. Nusu nyingine Evarist, mume wa Ludovika, aliikata mapande makubwa, akaitia ndooni pamoja na vitunguu saumu vizima, akabana mfuniko. Mkewe alipouliza, alijibu kwamba amelima vitunguu saumu miaka ishirini, anajua nguvu yake. Tena nyama haiozi kwa baridi ya Mbulu. Hiyo ilikuwa juzi.

Sasa Evarist alikuja, akanusa. Akasema vitwangwe vitunguu vingine, nyama ichemshwe navyo, harufu itaisha.

"Halafu ale nani?" Ludovika aliuliza.

"Erica. Si nyama yake?"

"Basi onja wewe kwanza."

Evarist aliitazama ndoo. Hakuonja.

"Huwezi," Ludovika alisema. "Wewe mzima huwezi, Baba Patriki, ila mtoto wa watu aliyelala na kichanga ndiye aweze."

Akabeba ndoo mpaka kwa jirani yao Rogathe, mkaguzi wa nyama aliyehamia pale kikazi. Evarist alimfuata nyuma, akilalamika kwamba anaaibishwa njiani.

Rogathe aliwaamkia shikamoo kwa upole. Alipoona ndoo, upole ulikwisha.

"Baba, nakuheshimu, lakini nimechoka. Hii ni nyumba ya tatu mwezi huu. Vitunguu saumu vinapunguza vijidudu tu, havivimalizi. Nyama ikishaoza, hakuna kiungo cha kuiponya. Unaficha harufu, sumu inabaki. Hata ukichemsha."

Evarist alisema wazee walihifadhi nyama bila mtaalamu.

"Waliitundika juu ya moshi, baba. Hawakuifungia ndooni."

Ludovika alicheka, lakini si kwa furaha.

Evarist alichimba shimo refu mwenyewe, akaifukia ile nyama ili mbwa wasiifikie. Kisha, bila kumwambia mtu, akaenda kumwomba kaka yake Sulle, aliyekuwa akichinja siku hiyo, paja la kondoo.

Aliporudi nalo, Rogathe alikuja kuwasimamia wakilihifadhi. Walinawa mikono kwa sabuni. Walikata nyama ikiwa mbichi, vipande virefu vyembamba kama mkanda. Evarist alileta vitunguu saumu vikubwa alivyotenga kwa mbegu, akavitwanga na chumvi nyingi. Walipaka kila kipande, pande zote. Wakavitundika juu ya jiko la kuni, vikiachana, wakavizungushia chandarua cha kuzuia nzi. Rogathe alirudia kwamba kazi kubwa ni ya chumvi, moshi na kukauka. Vitunguu saumu ni msaada tu. Kipande kikitoa harufu mbaya au utelezi, kitupwe.

Siku ya sita Ludovika aliloweka nyama iliyokauka, akaichemsha kwa muda mrefu. Evarist alinyoosha mkono apeleke bakuli kwa Erica. Mkewe akalizuia.

"Onja wewe kwanza."

Alionja. Akaonja tena.

"Inatosha," Ludovika alisema, akamnyang'anya bakuli. "Hii ni ya mzazi."