Alama ya Wastani

Duka la fotokopi lilijaa hadi barazani. Shule zilikuwa zinafunguliwa wiki ile, na kila mzazi alikuwa amekumbuka cheti cha mwanawe siku moja na wenzake. Mashine inakoroma, wino unanuka, watu wanasukumana. Mwanamume mmoja mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, alipenya pembeni akaweka bahasha yake juu ya kaunta.

"Baba, foleni inaanzia kule nje," sauti ikasema nyuma yake.

Akageuka. Mwanamke mfupi, gauni la kijani, vumbi la chaki kwenye mkono mmoja, amekumbatia rundo la karatasi.

"Mimi si baba wa mtu."

"Na kwa tabia hii hutakuwa. Nenda nyuma."

Watu wakacheka. Mwanamume akaenda nyuma, ila nyuma ya yule yule mwanamke, wala hakuna aliyemfukuza.

"Wewe ni mwalimu," akamwambia.

"Umejuaje?"

"Umenihamisha bila kunigusa."

"Na wewe kazi yako kuruka foleni?"

"Mkaguzi wa shule."

"Ahaa. Wakaguzi ndivyo mlivyo, mnaingilia popote."

Tusidanganyane, mambo haya huwa hayachukui muda. Walibadilishana namba za simu karatasi zikiwa bado za moto. Mwezi ule haukwisha kabla hawajaanza kuitana laazizi, watu wazima na heshima zao.

"Umekula, laazizi?" Mkaguzi alikuwa akipiga simu kila mchana.

"Nimekula chaki. Darasa la kwanza limejaa mpaka dirishani, njaa itapitia wapi?"

"Nikuletee nini?"

"Madawati."

"Mwanamke gani huyu, anaulizwa zawadi anataka madawati."

"Mwanamke wako."

Hapo Mkaguzi alicheka peke yake ofisini, na karani wa meza ya pili akamtazama.

Mapenzi yenyewe waliyaficha. Walikuwa na sababu. Kitongoji kile cha nje ya mji kilikuwa na shule nne za msingi za serikali, na halmashauri ilikuwa imeamua kwamba hela za kuziendesha zote hazipo. Zilinganishwe, itakayoshika mkia ifungwe, watoto wake wagawiwe kwingine. Kazi ya kulinganisha akapewa yeye. Mtu mwenye akili angemwendea mkubwa wake akasema, bwana, shule ya bondeni nina mchumba, mpe mwenzangu. Dakika moja tu. Lakini alikuwa mtu wa kujivunia usafi wa mikono yake, na wa namna hiyo huona aibu hata kusema kwamba wanaweza kuchafuka.

"Usinionee huruma," Mwalimu alimwambia kwenye simu usiku wa kuamkia ukaguzi. "Andika utakachokiona. Basi."

"Nitaandika nitakachokiona."

Akaja. Walisalimiana kama watu wasiojuana, mwalimu mkuu akiwa kati yao. Mkaguzi akaketi nyuma ya darasa, magoti yamegonga dawati. Ukuta ulikuwa na ufa wa kupitisha mkono. Lakini alichokiona mbele ya ubao hakukiona katika shule nyingine yoyote kati ya zile nne. Mwalimu alikuwa na rundo zima la watoto mkononi mwake, anamuuliza huyu, anamtania yule, na hakuna aliyesinzia. Binti mmoja waliyemwita Kibogoyo, kwa vile meno ya mbele yalikuwa yameng'oka yote, alisimama akasoma ukurasa mzima, mate yakimruka, kisha akainamia watu kama mbunge. Mkaguzi alitaka kupiga makofi. Akajizuia, akaandika tarehe.

Kesho yake ofisini akajaza alama. Shule mbili zilikuwa juu bila ubishi. Mkia ulikuwa unagombewa na ile ya bondeni na ile ya ng'ambo ya barabara kuu, na kipengele kilichobaki kilikuwa kimoja, ufundishaji. Akashika kalamu aandike alama ya juu. Mkono ukasimama. Watu wakija kujua? Watasema amemwandikia mpenzi wake. Akaandika alama ya wastani. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, hakuna aliyemhonga. Alimwibia mwanamke anayempenda ili asije akaitwa mwizi, kisha akafunga faili akiwa amefurahi na nafsi yake.

Shule ya bondeni ikashika mkia. Alama zikabandikwa kila mtu azione, shule ikafungwa.

Kama ingefungwa ile ya ng'ambo, watoto wake wangehamia ya kilimani, mwendo wa vichochoro tu. Wa bondeni hawakuwa na njia hiyo. Ilibidi wavuke barabara kuu, ile ya malori, isiyo na kivuko wala tuta. Walimu walipelekwa huko huko ng'ambo pamoja na watoto wao.

"Huyo mkaguzi wako," mwalimu mwenzake mmoja aliyekwisha kunusa jambo alimwambia wakibeba vitabu, "ndiye aliyetuua."

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," akajibu. "Yule haongopi. Kama ameandika nafundisha wastani, basi nafundisha wastani."

Alisema hivyo mbele ya watu. Nyumbani alijifungia akalia. Shule ilianguka kwenye ufundishaji, na aliyekaguliwa akifundisha ni yeye. Mkaguzi alipopiga simu akamwambia, "Nisamehe, mpenzi, nilikuangusha," naye, shetani huyu, akanyamaza.

Kibogoyo aligongwa wiki ya pili, asubuhi, akikimbia asichelewe. Dereva alisema hakumwona. Pengine ni kweli, maana alikuwa mdogo hata kwa umri wake. Mwalimu ndiye aliyemfunika, kwa kitenge chake mwenyewe, na ndiye aliyekwenda kumwambia mama mtu.

Jioni ya mazishi Mkaguzi alimfuata kwao. Mwalimu alikuwa ameketi ukumbini kwa mama yake, miguu ina udongo wa makaburini. Mama akainuka akawaachia nafasi.

"Ni mimi," Mwalimu akasema. "Ningefundisha vizuri siku ile, mtoto angekuwa hai."

"Ulifundisha vizuri."

"Uliandika wastani."

"Sijawahi kuona mtu akifundisha vile. Nilipunguza. Niliogopa wasije wakasema nakupendelea."

Mwalimu akainuka. Hakupiga kelele.

"Kwa hiyo ungekuwa hunijui, ungeandika nini?"

"Alama ya juu."

"Ondoka kwetu."

Mkaguzi alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga kwa namba ya karani, ikapokelewa na kukatwa. Akaenda kwa mkubwa wake akaeleza yote, mpaka lile la uchumba. Wakamvua ukaguzi, wakampeleka ghala la vifaa kuhesabu mabati. Shule haikufunguliwa. Halmashauri ilikuwa imekwisha kuipangisha, na darasa la kwanza lilikuwa limejaa magunia ya saruji. Maji yakimwagika hayazoleki.

Muhula uliofuata asubuhi moja alimwendea barabarani. Mwalimu alikuwa akisimama pale kila siku kabla ya kengele, ameshika kitambaa chekundu, anasimamisha malori na kuvusha watoto. Alikuwa amekonda. Gauni lilimpwaya mabegani.

"Nimekuja kukuomba unioe," Mkaguzi akasema, maneno yakamtoka kinyume.

Kidogo tu, Mwalimu akacheka. Kisha kicheko kikaisha.

"Nakupenda," akamwambia. "Sitakuficha, na nimejaribu kuacha. Usiku nakufikiria mpaka najichukia. Lakini mama yake Kibogoyo anapita hapa kila asubuhi, analeta mdogo wake marehemu. Kila siku ananisalimia, ananiuliza afya. Nitamwitikiaje nikiwa mke wako?"

"Tumwambie."

"Umwambie nini? Kwamba mwanawe amekufa kwa sababu wewe ulikuwa unanionea aibu?"

Kundi la watoto likafika, Mwalimu akanyoosha kitambaa, akaingia nao barabarani.

Mama yake Kibogoyo alikuja nyuma ya kundi, amechelewa, kitambaa cheusi kichwani, mkononi ana binti mdogo mwenye sare iliyomzidi. Akafika ukingoni akasimama. Akamgeukia mwanamume aliyesimama hapo, mtu safi, mwenye sura ya heshima.

"Kaka yangu, nivushie huyu. Mimi barabara hii inanishinda."

Mkaguzi akampokea mkono yule mtoto. Ulikuwa wa moto na unanata. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akangoja mpaka malori yote yamepita, akamvusha. Ng'ambo Mwalimu alimpokea mtoto kwake bila kumtazama usoni. Aliporudi, mama bado alikuwa amesimama, anafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Mungu akulipe, kaka yangu," akamwambia. "Mungu akulipe sawasawa na ulichonitendea."