Betri ya Kipaza Sauti cha Mtabila

Haya yalimpata rafiki yangu Reverien, fundi redio wa Kasulu, na ukimuuliza leo atakugeuzia kisogo.

Mama Consolée, mjane, alimletea kipaza sauti ambacho marehemu mumewe alikitumia zamani katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, kusomea majina ya waliopanda malori kurudi Burundi.

"Nifufulie betri yake tu, mwanangu. Kwaya inakihitaji."

Reverien akakitazama. Wazazi wake waliitwa kwa kipaza sauti hicho hicho. Walimwacha kwa shangazi yake, wakasema watarudi kumchukua, na hadi leo hajapata hata salamu.

"Kiache hapa, mama," akajibu. Kazi ni kazi.

Alifungua kasha la betri, akapima seli zote sita, zilikuwa zimekufa. Akaziamsha moja moja kwa umeme wa betri ya pikipiki, kisha akazichaji tangu asubuhi. Alasiri mvua kubwa ikashuka, akafunga madirisha, kibanda kikawa giza. Ndipo akairudisha betri mahali pake ili aijaribu.

Kipaza sauti kikakoroma. Halafu sauti nzito ya mwanamume ikaanza kusoma majina, polepole. Likaja la baba yake. Likaja la mama yake.

Akaichomoa betri. Alikuwa ameishika mkononi, ingali ya moto, na sauti ikaendelea kusoma.

Jina la mwisho lilikuwa Ininahazwe. Reverien na mkewe walikuwa wamelichagua jana yake tu, kwa kunong'onezana, kwa ajili ya mtoto ambaye bado yumo tumboni.