Jina Ambalo Colette Aliipa Mashini

Habari hii alinieleza kwanza Destin, mtoto wa dada yangu Francine, asubuhi ya Jumatatu iliyofuata Jumapili ya Matawi, mwaka 2022. Alikuja mapema kwangu mimi mjomba wake, anayeniita tonton, viatu vyake vimejaa tope la mtaa wa Nguba. Ninaiandika kama alivyoisema. Niliyoyaona mwenyewe nitayataja.

Jana yake jioni, mdogo wetu Colette alikuwa amempigia simu. Amesahau mot de passe ya kompyuta yake, neno la siri la kuingilia. Destin ni fundi wa mashini, kwake hiyo ni kazi ndogo. Akashuka kwa Colette, Nguba, kabla umeme haujakatwa.

Colette alikuwa mjane. Baada ya kumzika mumewe Lucien, Gracien, kaka yake Lucien, aliitaka nyumba. Colette alimjibu vile vile kila mara: "Niko bibi ya Lucien na mama ya mutoto wake. Sitoke." Lakini siku ya kumaliza matanga Gracien alikuja mpole, na zawadi mkononi: kompyuta ya Linux, iliyotumika lakini nzuri. Nilikuwapo. Tulimpigia makofi.

"Iko na harufu," Destin alisema alipoifungua.

"Ya nini?"

"Ya mushumaa wamezima sasa hivi."

"Inazeeka tu, kama weye," Colette akacheka.

Destin alishikilia Shift mashini ikiwaka, akaingia kwa mlango wa nyuma wa mafundi: kioo cheusi, maandishi meupe. Hapo fundi ana mamlaka yote. Kwanza alitia neno lake mwenyewe, lile analolitia katika kila mashini anayotengeneza. Nyumbani wote tulilijua. Ni jina la mama yake.

Kisha akampisha Colette kwenye kiti.

"Maman mudogo, andika mupya. Hautaona kitu kwa kioo, hata nukta. Linux njo iko vile. Andika tu mu giza."

"Niweke nini?"

"Kitu hautasahau."

"Gracien naye alisema vile. Weka jina ya mutu unapenda kupita wote."

"Na uliweka gani?"

"Kama ningejua, ningekuita?"

Destin akageuza uso. Fundi mwenye adabu hamwangalii mteja akiandika. Colette aliandika kwa kidole kimoja, akinong'ona herufi kama mwanafunzi.

Em... a... el... a...

Mashini ikaomba neno lile lile mara ya pili. Safari hii Colette aliandika kimya.

Mnong'ono ukaendelea.

Em... a... el...

Destin aligeuka. Midomo ya Colette ilikuwa imefungwa. Harufu ya mshumaa ilikuwa imejaa chumba kizima.

Kisha kioo kikafunguka, kazi zake zote zipo. Colette alifurahi. Destin, ili aondoe woga wake, akaonyesha picha ya arusi ukutani.

"Tonton Lucien angekuwapo, angekuchekelea."

"Lucien gani?"

"Maman mudogo, wacha muchezo."

"Huyu wa picha? Nilimukuta kwa ukuta. Nilizania ni wenye walikuwaka mu nyumba mbele yetu."

Destin akaelewa neno la kwanza, lile Colette alilolisahau, lilikuwa nini. Akaelewa pia herufi alizozisikia.

"Tubadilishe," alisema. "Sasa hivi. Uliandika nini?"

Colette alifungua mdomo.

"Nilikuwa nayo hapa..."

Mlango ukasukumwa. Malaika, binti yake wa pekee, alikuwa anarudi kucheza.

"Maman, niko na njala."

Colette alimtazama kwa upole.

"Weye uko mutoto wa nani?"

Destin aliishia hapo. Nikamuuliza alilala wapi.

"Kwetu, tonton. Kuko maman moja alinifungulia mulango. Aliniwekea na chakula. Sijue nani alimuleta."

Nilimpa chai.

Juma lile Gracien alileta wazee wa familia na chef, mkuu wa mtaa. Nilikuwapo. Alimuuliza Colette kwa sauti laini.

"Lucien alikuwa bwana yako?"

"Simujue."

"Na huyu mutoto?"

Malaika alikuwa amekishika kitenge cha mama yake. Colette aliibandua mikono ile, kidole kimoja kimoja, bila ukali.

"Ni wa jirani."

Nilimfuata Gracien mpaka barabarani.

"Uliweka nini mule?"

"Mimi? Nilimupatia mashini tu. Majina, waliweka wenyewe."

Wazee wakampa Gracien nyumba. Siku ya kuhamisha vitu vya Colette hakuna aliyetaka kuibeba kompyuta ile. Niliiwasha mimi. Mahali pa kuingilia, pale palipokuwa na jina la Colette peke yake, niliona majina matatu. Lucien. Malaika. Francine. Chini yake nafasi tupu, na kimstari kinawaka, kinazima, kinawaka...

Sikugusa kitu. Niliichomoa.

Kati ya hao wote aliyekufa ni Lucien tu. Gracien yuko hai, anakaa Nguba, katika nyumba ile. Colette yuko hai, Nyangezi, kwa binamu zetu, na ana afya. Malaika yuko hai. Analala kwangu, na ameacha kuuliza. Destin na dada yangu Francine wako hai, chini ya paa moja. Kila asubuhi Destin anamwambia "Bonjour, maman," kwa adabu, kama mpangaji. Naye anaitika, anampakulia.