Mlimau Safi wa Mutanu

Mutanu alifagia ua kila asubuhi, ingawa hapakuwa na mtu wa kuuchafua. Mumewe, Kyule, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Binti yao, Yvonne, alifanya kazi Nairobi na alipiga simu Jumapili, baada ya ibada. Siku nyinginezo, Mutanu aliisikia sauti yake mwenyewe alipowaita kuku tu.

Nyumba yao ilikuwa nje kidogo ya soko la Zombe. Kando ya mlango palikuwa na kichaka cha maua ya samawati, ambacho wauza miche hukiita plambago. Kyule ndiye aliyekipanda. Alipougua, aliketi hapo kwenye kiti chake akitazama vipepeo. Baada ya mazishi, maua yaliendelea kuchanua, lakini vipepeo walitoweka. Mutanu aliwangoja msimu mzima wa mvua. Hakumwambia mtu. Mjane anayelilia vipepeo huombewa kanisani, naye hakutaka kuombewa kwa jambo hilo.

Alipanda lantana ili kuongeza maua. Hakuna kilichobadilika.

Asubuhi moja jirani yake Kaloki, mwalimu mstaafu wa sayansi, alikuja kuazima pampu ya kunyunyizia mbuzi dawa ya kupe. Alimkuta Mutanu ameibeba mgongoni, akinyunyizia mlimau uliokuwa karibu na njia.

"Mama Yvonne, siku hizi mlimau una kupe?"

"Wacha mzaha, Mwalimu. Una wadudu. Nikimaliza mbuzi, dawa inayobaki naleta hapa na kwa maua."

"Tangu lini?"

"Tangu Kyule aende. Yeye hakuwa ananyunyiza. Mimi sitaki watu wapite hapo wakisema boma la mjane limeoza."

Kaloki aliinamisha tawi ambalo dawa haikuwa imelifikia. Juu ya jani palikuwa na kitu cheusi chenye doa jeupe, mfano wa kinyesi cha ndege. Alikigusa kwa kijiti. Kikatoa pembe mbili za rangi ya machungwa na harufu kali.

"Aiya! Ua hiyo kitu!"

"Nikiua hiki, nimeua kipepeo. Wale wakubwa, weusi wenye madoa ya manjano, huanza hivi. Kipepeo hutaga mayai kwa mlimau. Yai linatoa kiwavi. Kiwavi anakula majani, ananenepa, anajifunga kwa kijiti ndani ya ganda, kisha anatoka na mabawa."

Mutanu aliitua pampu chini.

"Kwa hivyo ni mimi niliwamaliza."

"Ni dawa. Maua ni chakula cha kipepeo aliyekomaa. Mtoto wake anataka majani. Ukiua mtoto, unangoja nani?"

"Na Kyule alijua haya?"

"Kyule alikuwa mvivu," alisema Kaloki, bila kucheka. Kisha akaitazama lantana. "Hii ng'oa. Vipepeo wanaipenda, lakini mbuzi wakiila wanaugua, na ikisambaa inamaliza malisho."

"Nipande nini basi?"

"Kata matawi ya hii plambago, urefu wa kiganja, uyapande kwa kivuli mvua ikianza. Panda mlimau wa pili huko nyuma, uwe wa viwavi. Wakizidi kwa huu wako, wahamishe kwa mkono. Maji ya kuoshea mboga mwaga mahali pamoja, udongo ubaki na unyevu, vipepeo wanakunywa hapo. Na haya malimau yaliyopigwa dawa usile. Dawa ya kupe ni sumu."

Mutanu aliacha kunyunyizia mimea. Halikuwa jambo rahisi. Mlimau ulianza kuonyesha matundu, na Kavindu wa kikundi cha akina mama alisimama njiani akapaza sauti:

"Mama Yvonne, mti wako unaliwa!"

"Wacha uliwe."

"Umeshindwa na kazi?"

"Nimeshindwa."

Kavindu alikwenda zake kulieneza hilo.

Mvua zilipokuja, vipepeo wadogo wa samawati walianza kuzunguka plambago. Baadaye akaja mmoja mkubwa, mweusi, mwenye madoa ya manjano. Alikaa uani kwa muda mfupi, kisha akavuka ua wa miiba. Kesho yake walikuja wengine.

Vipepeo hawamrudishi aliyekufa, na nyumba ilibaki kimya vilevile. Hata hivyo, Mutanu alikitoa kiti cha Kyule stoo, akakipangusa vumbi na kukiweka kando ya chake. Aliketi. Kipepeo alitua kwenye kichaka, katikati ya viti viwili.

"Mvivu wewe," Mutanu alikiambia kiti kitupu. "Ungeniambia."