Jina la Chui Mweusi

Nashipai anaishi Laikipia, kwenye vilima vya mawe. Ana miaka sita, na maswali hayamwishi.

Mama yake anawajua chui wote wa vilima hivyo. Amefunga kamera kwenye miti. Chui akipita, kamera inalia: ka-cha!

Watu wengine wakiona chui, wanakimbia. Mama anatazama madoa.

Hakuna chui wawili wenye madoa sawa, na kila jina linatoka kwenye doa. Mwenye doa kama kikombe anaitwa Kikombe. Mwenye doa kama kijiko anaitwa Kijiko. Picha zao zimejaa ukutani.

Siku moja Kijiko alizaa watoto wawili.

"Wa kwanza nimempa jina," alisema Mama. "Wa pili mpe wewe."

Nashipai alikuwa hajawahi kumpa chui jina. Aliruka mpaka kuku wakatawanyika.

Picha ya mtoto wa pili ikaja. Ilikuwa nyeusi tii.

"Hii imeharibika," alisema Mama. "Jani limeziba kamera."

Picha nyingine ikaja. Nayo ilikuwa nyeusi tii.

"Mama," alisema Nashipai, "jani lina macho."

Mama akavaa miwani. Akacheka mpaka miwani ikateleza. Mama huyo huyo, bingwa wa madoa, alimwita chui jani.

"Ni mtoto wa Kijiko," alisema. "Ni mweusi."

Nashipai alitafuta doa. Akatafuta mgongoni. Akatafuta mkiani.

*Doa, doa, uko wapi?*
*Jitokeze nikuone.*

Hakuna doa.

"Bila doa hakuna jina," alisema Mjomba Lemeria, dereva wa gari lao. "Ataitwa Namba Mbili."

Namba Mbili. Kama mlango. Nashipai alimwonea huruma sana. Nani atambembeleza mtoto anayeitwa Namba Mbili?

"Twendeni tukamtazame," alisema.

Wakaenda na gari. Gudu-gudu, gudu-gudu. Walisimama mbali, wakanyamaza. Mama akampa Nashipai darubini.

Kijiko alikuwa amelala juu ya jiwe. Mtoto mmoja alikuwa na madoa. Mwingine alikuwa mweusi. Mawingu yalikuwa yamefunika jua.

*Doa, doa, uko wapi?*
*Jitokeze nikuone.*

Hakuna doa.

"Labda huyo si wa Kijiko," alinong'ona Mjomba.

"Ni wake," alisema Mama. "Nashipai, una mwanya kwenye meno. Mimi sina. Baba hana. Umeutoa wapi?"

"Kwa nyanya."

"Mwanya huo ulipita kwangu kimya kimya, ukatokea kwako. Na rangi nyeusi ilijificha ndani ya Kijiko. Ikajificha pia ndani ya chui baba. Kwa mtoto ikatokea."

Nashipai aligusa mwanya wake kwa ulimi.

"Na madoa, Mama? Yalitoka kwa nani?"

"Kwa nyanya wa nyanya wa nyanya, mpaka uchoke kusema. Zamani sana, kabla ya watu, simba na chui walikuwa na nyanya mmoja. Watoto wa watoto wake wakatawanyika. Hawa wakawa simba, wale wakawa chui. Hata leo, simba mchanga huzaliwa na madoa. Akikua, yanafifia."

Mjomba akashika ufunguo. "Haya, turudi. Mvua inakuja."

"Ngoja kidogo, Mjomba," alisema Nashipai. "Kama hata simba ana madoa ya nyanya, na huyu anayo. Yamejificha tu."

Mjomba akamtazama Mama. Mama akatabasamu. Mjomba akaachia ufunguo.

Wakangoja. Nzi akapita: zzzii.

Wakangoja tena.

*Doa, doa, uko wapi?*
*Jitokeze nikuone.*

Jua likachungulia. Likamwangukia mtoto mweusi mgongoni.

Na madoa yakatokea! Meusi juu ya weusi, moja hapa, moja pale, mwili mzima. Nashipai alifurahi mpaka machozi yakamtoka.

Begani palikuwa na doa refu, pana mbele, jembamba nyuma.

"Kiatu," alinong'ona. "Anaitwa Kiatu."

Mama akapiga picha. Ka-cha!

"Karibu, Kiatu," alisema Mjomba, na akavua kofia.

Jioni hiyo picha ya Kiatu ilibandikwa ukutani, kando ya mama yake. Kisha Nashipai akaingia kitandani, na Mama akamfunika blanketi.

"Mama, Kijiko alimjuaje mtoto wake? Jua lilikuwa halijatoka."

"Alimlamba tu," alisema Mama, na kumbusu kwenye paji la uso.

Huko juu ya vilima, Kijiko alikuwa anamlamba Kiatu. Lamba, lamba. Alimlamba masikio, akamlamba bega, mpaka mtoto akalala. Wala Kijiko hakuwa ametafuta doa lolote.